Charasi na Waafghani: Ya Kale ni Yapi, ya Juzi ni Yapi

Mwenyekiti, masheikh wetu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliojazana viti vya nyuma kwa sababu mnazozijua wenyewe: asalaam aleikum, na jioni njema.

Tangu tangazo la mhadhara huu libandikwe mlangoni, watu wameniuliza kama nimekuja kuitetea bangi. Hapana. Wala sikuja kuilaani. Kazi hiyo wapo wanaoiweza kuliko mimi, na baadhi yao wamekaa safu ya mbele hapa. Nimekuja kubishana na dhana moja tu. Mtu akisikia Afghanistan na bangi zikitajwa pamoja, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye mashamba makubwa na vibapa vyeusi vya hashishi, kisha anaambiwa hizo ni mila za mababu, watu wale wamezaliwa nazo. Mimi nasema hapo pamechanganywa mambo mawili. Matumizi ni ya kale kweli, lakini yalikuwa ya watu wachache, waliokaa pembezoni, na jamii ilijua namna ya kuwaweka huko bila kuita askari. Ama ile biashara kubwa ya magunia na magendo, umri wake haujafika miaka mia, na waliochangia kuizaa wengi hawakuwa Waafghani.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kitu gani. Kinachotafutwa Afghanistan si majani. Ni ulimbo, ule utomvu unaonata kwenye maua ya mmea jike, nao ukishasindikwa huitwa charasi, ndiyo ile hashishi ya vibapa. Kaskazini, nyanda za Balkh zinazouzunguka mji wa Mazar-i-Sharif, mbegu hupandwa baada ya baridi kuisha, mara nyingi kandokando ya pamba au mahindi, na mavuno huja Oktoba na Novemba. Mmea hukatwa, hukaushwa, kisha husubiriwa. Ufundi wenyewe uko kwenye hiyo subira. Ulimbo wenye joto hushika vidole kama gundi; ukipigwa na baridi kali hukauka, ukawa mwepesi kukatika. Basi mkulima hungoja baridi kali iingie, akatandaza kitambaa chembamba, mara nyingi cha hariri, juu ya beseni, akayachekecha maua. Vumbi la kwanza kupita ndilo bora kuliko yote, na linaitwa garda ya kwanza. Ukizidi kupiga unapata ya pili, halafu ya tatu, ambayo ina majani na mchanga mwingi kuliko kitu chenyewe. Vumbi hilo huwekwa ghalani. Likitaka kutumiwa ndipo linapopashwa moto kidogo, likatiwa maji au chai, likakandwa kwa viganja mpaka likawa donge jeusi linalong'aa. Ni kazi ya nguvu, na ni kazi ya mikono mwanzo hadi mwisho.

Mnaona basi kwamba hii si habari ya kuchuma jani porini. Ni ujuzi. Na ujuzi una historia, una mahali ulipotoka. Nitarudi kwenye hilo.

Matumizi yalianza lini? Hapa zinaingia hadithi, nyingine tamu kweli. Ile mashuhuri inatoka Khorasan, jimbo la kale lililoshika mashariki ya Iran ya leo pamoja na Herat na Balkh. Aliyeihifadhi ni mwanahistoria wa Misri, al-Maqrizi, aliyeikuta kwa waliomtangulia. Inasema kulikuwa na mchamungu aitwaye Qutb al-Din Haydar, aliyejitenga milimani kwa ibada miaka mingi, mkavu, hacheki na mtu. Siku moja ya joto kali, upepo umetulia tuli, akatoka peke yake, akaona mimea yote imesimama kimya isipokuwa mmoja, unatikisika kwa furaha. Akala majani yake. Alirudi uso umekunjuka, wanafunzi wakashangaa. Akawafunulia siri, akawausia wawaambie mafakiri wenzao na wawafiche watu wa kawaida, na akaomba mmea huo upandwe kuzunguka kaburi lake. Alifariki mwaka 1221 hivi.

Mimi siiamini hadithi hii, na sijali mtu akiiamini. Hata zama zile walikuwepo waliosema sheikh hakuwahi kuonja kitu hicho na kwamba alisingiziwa. Lakini isikilizeni tena kwa sikio la mwanahistoria: wafichieni watu wa kawaida. Waliotunga hadithi hiyo walitaka mmea upewe heshima ya kutoka kwa walii, na hapohapo wakauwekea uzio. Ni wa mafakiri, si wa kila mtu.

Ibn Battuta, huyuhuyu wetu aliyeshuka Mombasa na Kilwa mwaka 1331, katika safari zake za Khorasan anautaja mji wa sheikh Haydar na wafuasi wake, waliovaa pete za chuma mikononi, shingoni na masikioni. Balkh aliikuta magofu, kazi ya Genghis Khan. Na akiwa Sinop, pwani ya Bahari Nyeusi, aliona watu wakila hashishi bila kificho. Sikilizeni: wakila. Nasisitiza neno hilo kwa sababu kule kuvuta, ambako leo kunaonekana ndiyo asili yenyewe, ni kugeni. Bangi katika nchi zile ililiwa au ilinywewa. Moshi ulienea baada ya tumbaku kuvuka bahari kutoka Amerika na kuwafundisha watu wa Asia kazi ya kiko. Yaani hata picha ya mzee wa Kiafghani na kiko chake cha maji haina umri tunaoudhania.

Ukitaka ushahidi wa walaji, hakuna shahidi bora kuliko Babur. Kijana huyu wa ukoo wa Timur, mshindi wa Asia ya Kati, aliiteka Kabul mwaka 1504, akaipenda kuliko nchi zote alizotawala baadaye, na akaandika kumbukumbu za maisha yake kwa ukweli ambao watawala wa leo hawathubutu. Anatuambia waziwazi siku alizokula maajuni. Wazee wa Unguja na Lamu wanaijua maajuni, sina haja ya kueleza sana: ni tamutamu iliyotiwa kileo, bangi au afyuni. Anaeleza alivyokula akakaa kutazama mashamba ya maua na jinsi maua yalivyozidi uzuri. Anaeleza pia, na hapa ndipo ninapompenda zaidi, kwamba baraza la maajuni na baraza la pombe haviendi pamoja: wanywaji wanapayuka na kuwacheka walaji, walaji wamezama kimya, karamu yote inaharibika. Mwaka 1527, kabla ya vita vya Khanwa huko India, aliiapia pombe asiiguse tena, akavunja vyombo vyake vya dhahabu na fedha. Maajuni hakuiacha. Katika akili ya Mwislamu yule, mtawala na msomi, vitu hivyo viwili havikuwa na uzito mmoja. Amezikwa Kabul, bustani yake ipo mpaka leo.

Najua masheikh wamekaa kwenye ncha ya kiti. Tuseme wazi basi. Wanazuoni hawakuipitisha. Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka 1328, alitaka mla hashishi apigwe mijeledi kama mnywa pombe, na aliiona kuwa balaa lililoingia pamoja na Watatari, yaani Wamongolia. Waafghani wengi ni Wahanafi, na wanazuoni wa Kihanafi waliiharamisha pia, ila wengi wao waliiweka adhabu yake kwenye taaziri, yaani imeachwa kwa busara ya kadhi, si haddi, ile adhabu iliyokwisha kukatwa na sheria ya dini. Tofauti hiyo ndogo ya kitabuni ilikuwa kubwa mtaani. Mtu wa kijijini Afghanistan aliyeificha chupa ya pombe aliogopa; aliyevuta charasi aliona haya. Hofu na haya ni vitu viwili, na nadhani nusu ya historia ninayoisimulia leo imekaa kati yao.

Na nisahihishe jambo linaloandikwa ovyo kila siku, kwamba masufi wa Afghanistan ni wavuta bangi. Tarika zenye mizizi kule ni Naqshbandiya, Qadiriya ambayo wengi humu mnaijua kutoka nyumbani kwenu, na Chishtiya ambayo jina lake limetoka mji wa Chisht, mkoa wa Herat. Hizi ni tarika za nyiradi, za elimu na za adabu, hazina nafasi ya kiko. Wanaohusishwa na charasi ni malang.

Malang ni nani? Ni fakiri asiye na makao. Nywele ndefu, kanzu ya viraka, kibuyu cha kuombea kimening'inia, pengine kishoka mkononi. Haoi, halimi, hafanyi biashara. Anatembea kutoka ziara hadi ziara, na ziara kwa Waafghani ni kaburi la walii pamoja na ua wake. Watu humpa mkate kwa sababu hawana hakika kama ni mwendawazimu au ni mtu wa Mungu, na kwa kuwa hawana hakika, hawathubutu kumfukuza. Akivuta, huita "Ya Hu" kabla ya pumzi. Huko Balkh ipo ziara ya mtu anayeitwa Baba Ku-i-Mastan, ambaye wavutaji wanamhesabu kuwa babu wa kazi yao. Habari zake ni za midomoni, kila msimuliaji ana zake. Msimu mkubwa wa watu kama hawa ulikuwa Nawruz, yaani mwaka mpya wao, mwezi Machi, pale Mazar, kwenye ziara yenye vigae vya buluu ambayo Waafghani wanaamini imemhifadhi Sayyidna Ali. Bendera ilipandishwa, maelfu ya watu walijaa, wagonjwa walilala uani wakingoja shifaa, na malang walikuwa pembeni na viko vyao. Hakuna aliyewaalika, na hakuna aliyeshangaa kuwaona.

Mbali na malang kulikuwa na watu wa kazi ngumu na za safari: wapagazi, wachunga ngamia, baadaye madereva wa malori, na wanamuziki pia, ambao jamii ile iliwaweka chini hata walipoimba vizuri kiasi gani. Mijini walikuwa na vyumba vyao, saqikhana, ambamo mwenye chumba, saqi, ndiye aliyeandaa chilim. Chilim ni buruma, kiko cha maji chenye kichwa cha udongo. Donge dogo la charasi, tumbaku, kaa la moto, maji yanakoroma, mtu anavuta kwa nguvu mara moja au mbili, anakohoa mpaka machozi, anampa wa pili. Halafu chai, na kitu kitamu au cha mafuta, kwa imani kwamba charasi hukausha mwili na lazima ulainishwe. Hapakuwa na wanawake, wala mtoto wa watu wenye jina hakutaka aonekane akitoka mlango ule.

Kwa maana jina lenyewe, charsi, mvuta charasi, ni tusi. Mtu asiyelipa deni ni charsi. Dereva aliyetia gari mtaroni ni charsi hata kama maisha yake hajaigusa. Anayetaka kuoa na ana jina hilo, kazi anayo kwa wakwe. Utani, masimango, vicheko vya mtaani, hivyo ndivyo vilikuwa sheria. Havikuzuia kila mtu, lakini vilimweka mvutaji mahali pake, naye akapakubali. Sisemi mfumo huo ulikuwa wa haki. Malang akiugua alifia uani mwa ziara, na aliyezongwa na uraibu alichekwa badala ya kutibiwa. Nasema ulikuwepo, na ulifanya kazi pasipo na polisi.

Sasa mashamba. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, mfalme wa charasi duniani hakuwa Afghanistan. Alikuwa Yarkand, katika Turkistani ya Kichina, Xinjiang ya leo. Kila mwaka misafara ya farasi ilipanda njia za Karakoram zenye theluji, ikashuka Leh huko Ladakh, ikaendelea hadi Hoshiarpur, Punjab, ambako serikali ya Kiingereza ilikuwa na maghala na ilitoza ushuru. Naam, ushuru. Mwaka 1893 Waingereza waliunda tume kubwa kuichunguza bangi ya India, na ripoti yake ya 1894, yenye mijaladi saba, ilishauri isipigwe marufuku bali itozwe kodi na kudhibitiwa. Wanunuzi wa India walikuwa wengi na mzigo ulitoka upande mwingine wa milima.

Katika miaka ya 1930 serikali ya Xinjiang ikaipiga marufuku na njia ya Leh ikakauka. Wanunuzi hawakukauka. Mahitaji yale yakageuka kutafuta mlango mwingine, na mlango uliokuwa wazi ulikuwa Afghanistan, kupitia makabila ya mpakani kuelekea Peshawar, mji wa Pakistan ya leo. Kilimo kilichokuwa cha pembe ya shamba kikaanza kuwa shamba. Nawaomba mlitazame tukio hili kwa makini, kwa sababu ndilo linalonifanya nikatae maneno ya mila za mababu: serikali moja ilifunga mlango kwake, na jirani akarithi soko.

Mwaka 1963, chini ya mfalme Zahir Shah, Afghanistan ikajiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 unaodhibiti dawa za kulevya. Karatasi zilikuwa safi. Kisha wakaja mahipi, vijana wa Ulaya na Marekani waliozikataa desturi za kwao.

Walikuja kwa mabasi na magari ya kombi kutoka Istanbul kupitia Tehran, wakaingia Herat, wakateremka Kandahar, wakapanda Kabul hadi mtaa wa wageni unaoitwa Chicken Street, na kutoka hapo India na Nepali. Vijana wa nyumba zenye uwezo, nywele kama za malang, viraka kama vya malang, ila mfukoni wana hundi za wasafiri. Muuza duka wa Kabul alichanganyikiwa. Kitu alichokificha mjomba wake, mgeni anakiulizia barabarani kwa sauti. Kwa mara ya kwanza charasi ikawa na mteja mwenye fedha na asiye na haya, na haya ndiyo iliyokuwa uzio wenyewe. Kundi moja la California, la mji wa Laguna Beach, lilifika Kandahar mwishoni mwa miaka ya 1960 na likaanza kusafirisha mzigo kwa mbinu za kila namna, pamoja na kuuficha ndani ya mbao za kutelezea mawimbini, mpaka polisi wa Marekani walipolisambaratisha Agosti 1972. Waliobaki nyumbani walipata nini? Mahitaji yalipozidi, uchekechaji wa hariri ukaonekana unachelewesha. Kitambaa kikalegezwa, majani yakaachwa yapite, mashine za kukandamiza zikachukua nafasi ya viganja. Zahir Shah alipinduliwa na binamu yake Daoud Julai 1973, majeshi ya Kisovieti yakaingia Desemba 1979, na mahipi walikuwa wameshaondoka. Soko walilolifungua halikuondoka nao.

Vita nitavipita haraka, kwa sababu katika miaka ile aliyekuwa bwana mkubwa ni afyuni na charasi ilikaa kivulini mwake. Nitaje matatu tu. Katika utawala wa kwanza wa Taliban, miaka ya 1990, ofisa wao wa kudhibiti dawa huko Kandahar alimweleza mwandishi wa habari wa Kipakistani kwamba hashishi wameikataza kabisa kwa sababu wanaoitumia ni Waafghani na Waislamu, ila afyuni inavumilika kwa kuwa inaliwa na makafiri wa nchi za nje. Oktoba 2006 jenerali wa Kanada, Rick Hillier, alisimulia jinsi askari wake walivyopambana kusini mwa nchi na maadui waliojificha kwenye misitu ya bangi yenye urefu wa mita tatu. Walijaribu kuichoma, ikakataa kuungua kwa ubichi wake, na mimea michache iliyokauka ilipoungua, askari waliosimama upande wa moshi wakapatwa na madhara. Na mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa uchunguzi wake wa kwanza wa zao hilo: hekta kati ya 10,000 na 24,000, charasi kati ya tani 1,500 na 3,500 kwa mwaka, Afghanistan ikawa ya kwanza duniani. Hekta moja ilimwachia mkulima dola 3,341 baada ya gharama, wakati afyuni ilimwachia 2,005. Mkulima mwenye watoto sita hahitaji mila ya babu kumshawishi hapo.

Limebaki suala la mbegu, na ndilo linaloniuma. Mwaka 1924 mtaalamu wa Kirusi Nikolai Vavilov alizunguka Afghanistan akikusanya mbegu za mazao, na bangi ya huko akaiona ni ya namna yake, fupi, yenye majani mapana, akaipa jina la nchi. Umbo lile halikudondoka kutoka mbinguni. Ni wakulima waliolichagua, mwaka baada ya mwaka, wakitunza mbegu za mmea wenye ulimbo mwingi na unaowahi kukomaa kabla ya theluji. Mahipi walipoondoka waliondoka nazo mifukoni. Zikapandwa California, zikapandwa Uholanzi, zikachanganywa na bangi ndefu za Meksiko na Kolombia, na mchanganyiko huo ndio mzazi wa sehemu kubwa ya bangi inayouzwa leo kwa leseni, katika maduka yenye taa nzuri na risiti, kwenye majimbo mengi ya Marekani na nchi nzima ya Kanada. Yako mengine yanaandika jina la Afghanistan kwenye kopo. Senti moja haijapelekwa Balkh.

Na Balkh kwenyewe, Machi 2023, kiongozi wa Taliban Hibatullah Akhundzada alitoa amri ya kukataza kilimo hicho nchi nzima. Mkulima akikutwa na mche huohuo, shamba linafyekwa na yeye anapelekwa mahakamani kuhukumiwa kwa sharia.